Alama kwenye Nati

Kabla ya kufungua nati ya difu, zile gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma, baba mdogo Hironimus alinifundisha kupiga alama mbili kwa patasi, moja kwenye nati, moja kwenye ncha ya shafti. Wakati wa kurudisha, alama zikutane. Nati ikizidi kukazwa, beringi zinabanwa, zinapata moto, na zikikwama magurudumu ya nyuma yanakwama nazo.

Asubuhi ile mteja wetu Athanasi alileta gereji pikapu yake inayovuta kwa magurudumu yote manne. Sili ya difu, mpira unaozuia oili isitoke, ilikuwa inavuja. Niliitoa, ngumu kama ganda la muhogo mkavu, nikapaka mpya grisi, nikaigonga taratibu mpaka ikakaa. Nati akaikaza baba mdogo mwenyewe, maana Athanasi alishasimama na funguo mkononi, na mama yangu, Mariana, alikuwa ameomba lifti kwenda Lusewa kumuuguza dada yake.

Alama zikakutana. Baba mdogo akaongeza. Zikapishana upana wa kidole gumba.

"Baba mdogo, imezidi," nikasema. Sauti yangu ni ndogo hata nikiwa peke yangu.

"Isipobanwa itavuja tena. Athanasi atanitangaza mtaa mzima wa Majengo."

Nikajaribu kuzungusha shafti. Mkono mmoja ulishindwa. Ikaja kwa miwili.

"Unazungusha difu au unasonga ugali?" Athanasi akacheka. "Toka chini, binti, tuondoke."

Tukarudisha propela, chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye difu, tukajaza oili. Gari lilipoanza kutoka, nikaita, "Mama."

Kwetu msafiri aliyekwisha kuondoka haitwi nyuma, ni mkosi. Mama aligeuka, uso umekunjamana.

"Unaniitia nini, na nimeshaanza safari?"

Wote wakanitazama.

"Safari njema," nikasema.

Niliosha spana zote, nikaziosha tena. Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya tairi, anatazama mahali gari lilipokuwa.

"Ilizidi kiasi gani?"

Nikamwonyesha kidole gumba.

Akampigia Athanasi. Simu haikupatikana. Akavaa koti, akawasha pikipiki, nikapanda nyuma.

Baada ya Namtumbo tuliona matone ya oili katikati ya lami. Kwanza moja moja, kama ya mtu aliyejikata kidole. Kisha yakakaribiana. Kwenye mteremko ikaanza michirizi miwili myeusi ya matairi, ikapinda kuelekea majanini.

Gari lilikuwa limelala ubavu. Mama alikaa kando ya barabara, kichwa cha Athanasi mapajani mwake. Athanasi alikuwa anapumua, macho wazi, hasemi.

Mama aliponiona akajivuta nyuma.

"Aliniita," akamwambia baba mdogo. "Nimeshaondoka, huyu akaniita nyuma. Si ulisikia?"

Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa amechuchumaa mbele ya difu, bado inatoa moshi. Akachomoa tambara mfukoni, akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Nilimsikia."