Tui Halifiki Kichwani

Bi Mwanajuma, jirani yetu hapa Dimani, anadai alimkuta mama uani anapepeta mchanga kwenye ungo, anamwita aje achukue mchele. Hilo nakubali. Lakini akaongeza kwamba ubongo wa mama umekauka kwa kuwa mimi namnyima tui, na maneno hayo yakavuka maji hadi Kiongoroni kwa kaka yangu Ukasha.

Leo asubuhi Ukasha kaja na kiroba cha nazi. Anamchukua mama, boti ya mchana. Kwake atakula samaki wa tui zito mpaka akili imrudie.

Nikamweleza. Tui nimepunguza kwa ajili ya presha, ndivyo nilivyoambiwa kliniki. Na hilo la kukauka nilimuuliza daktari. Akasema ubongo una lehemu yake wenyewe, yaani mafuta yake, haungoji ya kwenye damu. Ndani yake mna seli za kusaidia, zimekaa ubavuni mwa zile za kufikiri. Hizo ndizo zinazotengeneza lehemu, zinaifungasha vifurushi vidogo vidogo, zinaitoa, na jirani zake wanaipokea ili waweze kupashana habari. Nikaona ni kama futari: huyu anapika, anafunika kawa, anapeleka mlango wa pili. Kwa mgonjwa kama mama huenda kupelekeana huko kumeharibika, alisema, ila hata wao madaktari hawajalijua lote. Dawa ya kurudisha hali hiyo hana.

"Darasa la saba leo anatufundisha ubongo," Ukasha akasema.

Bi Mwanajuma alikuwa ameshakalia mbuzi yetu, anakuna nazi. Akacheka mpaka machicha yakamwagika.

Nilikuwa nawaza nyumba ya Ukasha, ambayo mlango wake unatazamana na mkondo wa maji. Hapa mama akiamka hupapasa ukuta, na ukuta huu mkono wake unaujua. Kule atapapasa nini?

Ukasha akaanza kufunga kanga za mama. Bi Mwanajuma akampa mama bakuli la tui, akalinywa lote.

Nikachuchumaa mbele yake. "Mama, mwambie Ukasha unataka kubaki na mimi. Mimi Hadija. Mwambie mwenyewe."

Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. Kisha akalifunika lile bakuli tupu kwa kawa, akanisogezea.