Mngoje Delphia

Burlin Teague hajawahi kumiliki farasi. Naanza na hilo kwa sababu ametembea majukwaa yote, kuanzia kwetu milimani Kentucky hadi Nashville, jiji la wanamuziki, akiwaambia watu kwamba wimbo wake maarufu, "Farasi wa Teague", aliutunga siku farasi wake aliporuka mtaro. "Mtasikia mahali muziki unasita kidogo," husema, akitabasamu na meno yake mapya. "Hapo ndipo farasi anaruka." Watu hupiga makofi. Mimi nikimsikia redioni huwa nazima, na siku moja nilizima kwa kiatu.

Wimbo ule ni wa baba yangu, Hobart Stamper, aliyechimba makaa ya mawe wiki nzima na kupiga mandolini Jumamosi. Aliuita "Mngoje Delphia". Delphia ni mama yangu. Mguu wake wa kushoto ulivunjika katika ajali ya lori kabla sijazaliwa, mfupa ukaunga vibaya. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu bonde zima aliyemfikia kwa ile ngoma yetu ya kugonga visigino juu ya ubao. Baada ya hapo akaapa hachezi tena. Basi baba akamtungia wimbo wenye pigo moja la ziada, pale pale ambapo mguu mbovu huchelewa kufika chini. Muziki unasimama, unamngoja, mguu unatua, wanaendelea. Nimekua nikimwona mama akicheza wimbo huo jikoni, na sijawahi kumwona akicheza mwingine.

Teague alikuwa mpiga gitaa wa baba. Alijifunzia wimbo huo barazani kwetu, amekalia kiti chetu, anakula maharage na mkate wa mahindi wa mama. Kisha akaenda Nashville, na haikuchukua muda tukausikia redioni ukiwa na farasi ndani yake. Baba hakusema neno. Kimya hicho kiliniudhi kuliko wizi wenyewe. Nikimuuliza, ananijibu, "Mwache Burlin na farasi wake," anarudi kukaza nyuzi za mandolini. Akafa hivyo hivyo, vumbi la makaa kifuani na mdomo umefungwa.

Hata hapo labda ningepoa. Lakini Teague alikuja mazishini na kofia nyeupe, akapiga ule wimbo kando ya kaburi, kisha akawaambia waombolezaji, "Huu nilimfundisha Hobart mimi mwenyewe. Alihangaika nao, maskini, lakini aliupenda." Mama akainamisha kichwa. Mimi nikaapa, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, kwamba nitamwaibisha mtu yule mbele ya watu, na nitamwaibisha akiwa hai ili asikie vizuri.

Kaka yangu Arvil alirithi mandolini, mimi nikashika gitaa. Tuko wawili tu, hatuna banjo wala fidla. Tunapiga bluegrass ya zamani, muziki wetu wa nyuzi wa milimani, nyimbo zile zile za babu zetu, ila tunazipiga kwa moto mpaka wazee wanasema tunapiga kama watu wanaokimbizwa na nyuki. Vijana waliokuwa wakiona muziki huu ni wa kuwasindikizia maiti sasa wanasukumana mbele ya jukwaa. Kitu kimoja tu hatujakibadilisha: tunatumia kipaza sauti kimoja, kama walivyofanya wa zamani. Mwenye zamu ya kuongoza anakisogelea, mwingine anarudi nyuma. Kipaza sauti cha namna ile kina masikio ya mbea. Kinanasa hata mtu akimeza mate, ndiyo maana sisi jukwaani tunaongea kwa macho.

Agosti iliyopita Teague alialikwa kuwa mgeni wa heshima kwenye tamasha la wilaya yetu. Nikampelekea salamu za unyenyekevu: je, mzee atakubali kupanda atupigie wimbo wake pamoja nasi? Nilijua hatakataa. Kwetu mtu akikaribishwa jukwaani akakataa, amekiri kwamba ameishiwa. Na mwenye wimbo hupewa zamu ya kwanza, apende asipende. Vidole vyake vimevimba kwa uzee, navyo nilivipigia hesabu. Tungeuanza wimbo kwa kasi ambayo hajawahi kuiota, avurugike katika kitu anachodai amekizaa.

Mama alitukuta nyuma ya jukwaa, karibu na meza ya maandazi ya tufaha, Arvil akijaribu kasi yenyewe.

"Hiyo ni nini?" akauliza. "Nyumba inaungua?"

"Tunamkimbiza Burlin, mama," nikasema. "Leo lazima aangukie pua."

"Mkimkimbiza yeye, mimi nitachezaje?"

Akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na viatu vyake vya ngozi, vya kuchezea, vimepakwa rangi vikang'aa. Arvil aliacha kupiga.

"Mama, toka baba afe hujacheza," akasema.

"Ndiyo maana vinanibana. Pigeni kwa mwendo wa baba yenu."

Nilikasirika, sitaficha. "Mama, mimi siku hii nimeingoja tangu kaburini!"

"Na mimi nilikuwa nafanya nini, Zella? Nafuga kuku?" Akakaa kwenye kreti kufunga kamba. "Usinifundishe kungoja, mwanangu. Nilikuwepo kungoja kulipotungiwa wimbo."

Nikachukua gitaa langu. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi nilikuwa nimedhani.

Teague alipanda na gitaa lake kwa vigelegele. Akanishika bega, "Binti wa Hobart huyu! Mtoto wa nyumbani!" Akakisogelea kipaza sauti, akaanza na farasi wake. Rangi ya farasi, jina la farasi, mtaro. Uwanja mzima ukamsikiliza, watu wakiwa wamekalia viti vyao vya kukunja, chai ya barafu mkononi. Alikuwa bado anatabasamu Arvil alipoleta ubao na kuulaza mbele yetu, na mama akapanda ngazi moja moja, mguu mzima kwanza, kisha ule mwingine.

"Delphia," Teague akasema. Tabasamu likapungua kidogo.

Tukaanza. Tulipiga kwa mwendo wa baba, na nakuambia, mwendo wa baba ukiupiga kwa hasira una moto kuliko kasi yoyote. Teague akachukua zamu ya kwanza. Mama akaweka mikono kiunoni, akagonga visigino, na ubao ukajibu. Wimbo ukafika pale unaposita. Mguu wa kushoto ulikuwa bado hewani. Vyombo vitatu vikanyamaza, mguu ukatua, ta! Tukaendelea.

Mara ya kwanza watu walidhani ni bahati. Mara ya pili niliona watu wanagusana mabega. Mara ya tatu mchimbaji mmoja mstaafu, aliyekuwa akishuka mgodini na baba, akasimama kwenye kiti chake na kupiga kelele, "Burlin! Farasi yuko wapi?"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Nikasema moyoni, siku za mwizi zimefika arobaini. Tukamaliza wimbo watu wamesimama, na nilidhani kisasi changu kimekamilika.

Hapo ndipo Teague alipokosea kosa la mtu aliyekaa mjini muda mrefu. Huko Nashville kila mtu ana kipaza sauti chake, na kuna kijana anayekizima zamu yako ikiisha. Yeye akadhani muziki ukikatika, na masikio yamekatika. Akamwinamia mama, kipaza sauti chetu kikiwa katikati yao kama mtoto wao. Mimi niliona anachotaka kufanya. Ningeweza kukohoa, ningeweza kupiga uzi. Nikarudi nyuma hatua moja, nikalaza kiganja juu ya nyuzi ili pawe kimya kabisa.

"Delphia, usinifanyie hivi," akanong'ona, na mnong'ono ukatoka kwenye maspika hadi kwenye vibanda vya maandazi. "Hobart aliniapia kwamba hamtamwambia mtu nani alikuwa anaendesha lile lori. Nilikuwa nimelewa, nilikuwa kijana. Na mguu wenyewe si ulipona?"

Hakuna aliyecheka. Sauti yake iligonga mlima wa ng'ambo ikarudi: si ulipona.

Mimi nilikuja kulipiza wizi wa wimbo. Hilo la lori sikulijua, wala Arvil hakulijua. Hapo nikaelewa kimya cha baba. Aliapa, na alikuwa mtu wa kuapa mara moja. Mama naye hakukivunja kiapo hata siku hiyo. Mdomo uliponza kichwa cha mwenye mdomo.

Mama hakunong'ona. Alisema kwa sauti yake ya kawaida ya kuitia watu chakula.

"Haukupona, Burlin. Ulingojwa."

Teague akaangalia kipaza sauti, akaangalia uwanja, uso umemshuka. Akageuka ashuke. Mimi nikasimama juu ya ngazi na gitaa langu likiwa limeziba njia.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Nipishe, binti."

"Mama hajavivua viatu. Kwetu mtu hamwachi mchezaji juu ya ubao. Rudi ushike gitaa."

"Nakuomba."

"Babangu hukumwomba," nikasema. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. "Rudi."

Akarudi. Nikasogelea kipaza sauti, nikawaambia watu kwamba wimbo huu ulitungwa na Hobart Stamper na unaitwa "Mngoje Delphia". Arvil akaanza. Safari hii Teague hakupewa zamu, alipewa kazi ya kusindikiza tu, nyuma yetu, kama alivyokuwa akimsindikiza baba. Vidole vyake vilikuwa vinajikwaa. Tukafika pale. Arvil akasimamisha mkono, nami nikasimamisha wangu, na Burlin Teague, asiyekuwa na pa kwenda, akasimamisha wake, akautazama mguu wa mama ulioinuliwa hewani, na akangoja.

Mama hakuwa na haraka.