Mguu Usiokimbia

"Nikikubonyeza hapa, unaumia?" Daktari Bosire aliuliza, kidole gumba chake kikiwa chini kidogo ya kifundo cha mguu.

Priscillah alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, na jasho lililomtoka puani likawa jibu tosha. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda kwa ndani, kisigino kimelala upande, na ngozi ya pembeni ilikuwa na sugu nene kwa kukanyagiwa miaka mitano.

Daktari akainua picha ya eksirei dirishani. "Ona, mama. Hapa ni kifundo, na chini yake kuna kiungo kingine. Ule mto laini wa katikati umekwisha kote kuwili. Mfupa unasaga mfupa. Ulivunjika ukaunga vibaya. Nani alikufunga?"

"Sikufungwa na mtu. Nilitembea nao tu."

Bosire mwenyewe alitoka upande wa Kisii, na mwaka wa tisini na mbili, ule wa vita vya makabila kabla ya uchaguzi, aliujua bila kusimuliwa.

"Nitaunyoosha," alisema. "Nitakwangua palipoharibika, niikaze mifupa kwa skrubu mpaka ishikane iwe mfupa mmoja. Uchungu utaisha. Lakini hicho kifundo hakitakunjika tena, maisha yako yote."

"Nitasimama jikoni?"

"Kutwa nzima. Na kutembea utatembea."

"Nitakimbia?"

Daktari alicheka. "Mama, kwa umri huu unakimbilia wapi?" Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Hapana," alisema polepole. "Kukimbia, hapana."

Priscillah alirudi Roret, kwenye hoteli yake ndogo ya chai na maharagwe, bila kukubali wala kukataa.

Mwaka ule wa vita, vijana wa Kipsigis walipowafukuza watu wa makabila mengine na paa la hoteli likawaka, aliruka ukuta wa nyuma na mguu ukavunjika. Alikimbia nao vivyo hivyo, akikata katikati ya majani chai ya watu mpaka kanisani. Mume wake, aliyekuwa na miguu yote miwili mizima, alirudi ndani kuchukua blanketi. Hakutoka. Baadaye watu walishangaa Priscillah aliporudi na kuezeka upya, lakini kule kwao Murang'a hakuwa na hata mahali pa kuchimba choo, na mwanawe Irungu, fundi wa magari Thika, aliishi na familia yake katika chumba kimoja.

Sasa uchaguzi ulikuwa unakaribia tena. Siku hizi akileta chai mezani, mazungumzo yalishuka, na wateja wakaanza ghafla kuzungumza juu ya mvua.

"Nitaenda hospitali baada ya kura," alimwambia Janeffer, jirani wa Kipsigis aliyemletea maziwa kila asubuhi.

"Na huo mguu utangoja, Mama Irungu?"

"Umengoja miaka mitano."

Janeffer alimimina maziwa kwenye sufuria, akamtazama akivuta mguu kuelekea jikoni.

Ilikuwa siku ya soko gurudumu la lori la majani chai lilipopasuka mbele ya hoteli. Mlio ulitikisa vikombe. Wateja walishtuka, wakatazamana, wakaangua kicheko. Walipogeuka kuagiza chai nyingine, mwenye hoteli hakuwepo. Sufuria ilikuwa imepinduka, na maziwa yalikuwa yakichemka juu ya makaa.

Janeffer ndiye aliyemkuta nyuma ya nyumba, amelala kifudifudi kwenye matope, kitambaa cha kichwa kimemtoka.

"Ni gurudumu, Mama Irungu. Ni gurudumu tu!"

Priscillah aliketi, akapangusa matope mdomoni. "Ona nilipofika," alisema. "Hata choo sijapita. Mimi nautunza mguu wa kukimbia, Janeffer, na hata choo sijapita!"

Janeffer akaketi naye palepale kwenye matope.

"Nikifungwa plasta," Priscillah akasema, "na wakija?"

Janeffer aliokota kitambaa cha kichwa, akakikung'uta matope.

"Siwezi kuapa kwa niaba ya watu," Janeffer akasema. "Hata Aron, mume wangu, siku hizi anarudi kutoka mikutanoni akiwa kimya, na mimi simuulizi. Nikisema hawatakuja, nitakuwa nakudanganya. Lakini hutalala kwako. Utalala kwangu. Anayekutaka apitie mlango wangu kwanza."

Oktoba, mvua ya El Nino ikizoa barabara, Bosire aliufanyia mguu upasuaji. Priscillah alipozinduka, alikuta plasta mpaka gotini, nzito kama gunia la majani mabichi, na mwishoni vidole vyake vikielekea juu, vyote kwa pamoja. Aliviangalia muda mrefu. Vilikuwa kama vya mgeni.

"Usikanyage mpaka nikuambie," Bosire alimwonya. "Ukikanyaga mapema, mifupa haitashikana."

Wiki ya kura ilimkuta nyumbani kwa Janeffer, mguu juu ya mto. Uchungu ule wa zamani, ule wa kusaga, ulikuwa umeondoka, na mahali pake palikuwa na ukimya ambao hakuuzoea. Aron alitoka asubuhi bila kunywa chai. Mchana ukapita. Janeffer aliketi mlangoni akichambua mboga za managu, akikata mashina mafupi kuliko ilivyohitajika.

Mbwa wakabweka. Kisha zikasikika hatua kwenye njia ya udongo mwekundu wa murram. Hazikuwa za mtu mmoja.

Priscillah alitazama magongo yake. Yalikuwa yameegemezwa ukuta wa mbali. Janeffer aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye lesso, akatoka nje na kuurudisha mlango nyuma yake taratibu.

"Chamgei!" alisikika akisalimu uani, kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake.

Ni salamu ambayo Mkipsigis yeyote huiitikia, hata akiwa na haraka; asiyeiitikia hakuja kwa amani. Hatua zikasimama. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati. Priscillah alizuia pumzi, akatega sikio kama kuna atakayeitikia.