Alama Kwenye Paja la Ngamia

Mzazi mwenzangu, kama shule ya mtoto wako imeungana na watu wa sanaa, usiogope na usikatae. Nasema hivyo mapema ili usinielewe vibaya. Kuchonga ni kazi nzuri na msichana wangu ataendelea nayo. Lakini kabla mtoto hajashika waya wala simiti, kaeni chini na hao wageni muwaambie ni vitu gani huku kwetu havichezewi. Sisi hatukuwaambia, na ilibaki kidogo tu damu imwagike kwa sababu ya ngamia ambaye hata hapumui.

Everlyne wangu yuko gredi ya saba hapa Isiolo mjini. Mwalimu mkuu wao, Madam Kowsar, ndiye alitafuta kikundi cha wachongaji kutoka upande wa Meru, kinaitwa Mikono Mibichi. Walielewana kikundi kilete mwalimu na vyombo, shule itoe mahali na mchanga. Mchanga ulibebwa na lori ya Mzee Robow, mwenyekiti wetu wa wazazi, ambaye ni msafirishaji na pia ana ngamia. Alibeba bila kuitisha kitu. Alisema watoto wa Isiolo wamejulikana kwa bunduki vya kutosha, wacha sasa wajulikane kwa kitu kingine.

Wazazi Waislamu waliuliza kama kutakuwa na sanamu za binadamu. Tukakubaliana kila mtoto atatengeneza mnyama na hakuna atakayetengeneza mtu. Baada ya hapo tukadhani maswali yameisha. Tukaenda nyumbani.

Mwalimu aliyeletwa alikuwa kijana anaitwa Tyson. Mpole, mikono yote imejaa nyufa za simiti. Aliwafundisha watoto kukunja waya mpaka ukae kama mifupa, kufunga gunia juu yake, kupaka simiti, halafu kuchonga kabla haijakauka. Kitu alichokuwa akirudia kila siku ni hiki: "Usiniletee ngamia ya kitabu. Weka ile uliona na macho yako."

Hayo maneno ni mazuri. Lakini Tyson amezaliwa kwenye shamba la viazi. Kwake alama iliyochomwa kwa ng'ombe ni kama urembo. Kwetu sisi wafugaji, uwe Mturkana, Mborana au Msomali, alama ndiyo inasema mnyama ni wa nani. Akipotea hutafuti rangi, unatafuta alama. Na mtu akikutwa na mnyama mwenye alama yako swali ni moja tu: umemtoa wapi?

Siku ya kuonyesha kazi ilifika. Wazazi tulijaa uwanjani. Kulikuwa na mbuzi, punda, kondoo wa mkia mnene, na jogoo mmoja aliyekuwa mkubwa kuliko punda, watu wakamcheka mpaka mwenyewe aliyemtengeneza akacheka. Everlyne alikuwa ameniambia ametengeneza ngamia, ila alikataa nimwone kabla ya siku. Nilipomwona nilimzunguka mara mbili. Alikuwa amesimama kimo cha kifua changu, mdomo wa chini umening'inia, shingo imepinda kama anataka kukuuliza kitu. Nilijisikia mrefu siku hiyo. Nilitembea nikisalimia hata watu nisiowajua.

Mzee Robow aliingia na bakora yake, ndevu amepaka hina mpya. "Salaam aleikum, wazazi! Habari zenu! Leo nitanunua punda hapa, yangu imezeeka!" Watu wakacheka. Akapita kwa jogoo, akatikisa kichwa. Akafika kwa ngamia wa Everlyne.

Hapo akaacha kucheka.

Aliinama, akaweka kidole kwenye paja la ngamia. Kulikuwa na mistari miwili na duara katikati, imechongwa kwa kina. Halafu akashika sikio la kushoto, ambalo lilikuwa limekatwa ncha.

"Hii ni sumad yangu," alisema. Sumad ndiyo alama kwa Kisomali. "Na hii ni sikio ya ngamia yangu. Nani ametengeneza?"

Everlyne akainua mkono.

"Ulimwona wapi?"

Kila mtu pale alikuwa anajua ngamia wa Mzee Robow walipotea wakati wa ukame, na huyo wa sikio akiwemo, wakipelekwa Garbatulla. Hawakupatikana. Na kila mtu alikuwa anajua watu walinong'ona ni kabila gani limewachukua. Ni kabila letu, sisi Waturkana.

"Si useme," mtu mmoja akasema nyuma. "Ama ulimwona kwa sufuria yenu?"

Kuna waliocheka, kicheko kibaya. Mtoto wangu akajificha nyuma ya ngamia wake. Mimi moyo ulinienda kwa Ekitela, ndugu yangu mdogo, aliyekuwa Leparua na mbuzi wetu, bila habari ya chochote.

Nikasogea mbele. "Mzee Robow, ukiuliza mtoto hivyo kama askari hawezi kujibu. Uliza polepole, atakuambia."

"Mama Everlyne, hii si mchezo."

"Najua si mchezo. Ndiyo maana nasema polepole."

Aliniangalia, akashusha bakora. "Haya. Maandeg, niambie. Ulimwona wapi?" Hilo maandeg ni neno analowaitia wajukuu wake.

Everlyne akasema bila kumwangalia, "Soko la mifugo. Pale mama anauza chai. Alikuwa amefungwa kwa lori yako. Akaingiza kichwa kwa beseni ya mandazi akakula. Mama akapiga kelele. Na wewe ukasema, huyu ameshakuwa mtu wa mji, sasa mpeeni na chai."



"Wallahi!" Mzee Robow akapiga paja lake mwenyewe. "Alimaliza beseni! Na huyu mama yako alinitukana kwa Kiturkana, nikamwambia asante!"

"Sikukutukana," nikasema. "Nilimtukana ngamia."

Sasa watu wakacheka vizuri. Mzee akamshika Everlyne bega, akamwambia mdomo ule wa chini ndio wenyewe, hajakosea hata kidogo. Hata mimi nilipumua. Kama ingeishia hapo nisingekuwa nakuandikia.

Lakini kulikuwa na Mohamud, mzazi mwenzetu, kijana wa duka la simu. Yeye alikuwa amepiga picha ya ngamia mwanzoni kabisa, akaituma kwa grupu la simu la wasafirishaji, ambalo yumo pia, na chini akaandika kwamba sumad ya Mzee Robow imeonekana kwa kazi ya mtoto wa Kiturkana. Alidhani ni habari ya kufurahisha. Sasa simu yake ikaanza kulia, moja baada ya nyingine, na uso wake ukabadilika. Akampa Mzee Robow asikilize.

Ilikuwa sauti ya Abdifatah, mtoto wa kwanza wa Mzee, akiwa Garbatulla. Aliongea Kiswahili ili grupu lote lielewe, ila baba yake alimwita aabo, kama Wasomali wanavyoita baba. "Aabo, kumbe ngamia zetu ziko na hao watu mpaka watoto wao wanazichora? Sisi tunawasha pikipiki. Leo tutajua."

 Hawakuwa wanakuja shule, mzazi mwenzangu. Nani atapigana na simiti? Wangepita mjini moja kwa moja mpaka Leparua, na mtu wa kwanza wa kwetu kukutana naye angekuwa Ekitela, na fimbo tu.

Mzee Robow akapiga simu. Haikuingia. Akapiga tena. Madam Kowsar akaanza kusema labda tufunike zile sanamu, kikundi kirudi Meru, mambo ya sanaa yasimame kwanza. Tyson alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, macho yamemtoka. "Mama, mimi sikujua," akaniambia.

"Hukujua kwa sababu hatukukuambia," nikamjibu. "Hiyo tutaongea baadaye." Nikamgeukia Mzee. "Mzee Robow, hapa sisi wachache tumekusikia. Huko hawajakusikia. Simu yako ikikataa, tuma sauti pale pale picha ilipotumwa. Sema kwa Kisomali, kisha useme kwa Kiswahili. Na usimame karibu na huyo ngamia."

Hakubishana. Alishika simu ya Mohamud karibu na mdomo. Kisomali sikuelewa. Kiswahili nilielewa. "Abdifatah, mimi baba yako naongea. Hakuna ngamia imepatikana. Huyu msichana aliona ngamia yangu sokoni, nikiwa mimi mwenyewe nimemfunga kwa lori, kabla ya kupotea. Alama kwa picha ni yangu, na kosa ni ya kutuma bila kuuliza. Mtu akigusa mtu kwa ajili ya hii, amegusa mimi. Rudisha hiyo pikipiki."

Tukangoja. Mohamud alisimama akiangalia chini. Hakuna aliyeenda nyumbani, hata wale waliokuwa wamebeba watoto wachanga. Mimi nilimpigia Ekitela, akaniuliza mbona napumua hivyo, nikamwambia akae karibu na watu.

Simu ikalia. "Sawa, aabo," Abdifatah alisema, na nyuma yake pikipiki zilikuwa bado zinanguruma. "Tulikuwa tumefika barabarani. Tunarudi."

Mzee Robow akamrudishia Mohamud simu yake. Halafu akafanya moyo mkubwa, nitamheshimu kwa hilo. "Alama ikae," akasema. "Mimi nimekubali. Ni heshima. Ngamia yangu isimame hapo getini watu waione."

Watu wengine wakapiga makofi. Mimi nikasema hapana.

"Mzee, wewe umekubali. Atakayepita hapa mwaka ujao hajui kama umekubali. Atapiga picha kama Mohamud. Sanaa ibaki, Tyson abaki, ngamia abaki. Alama itoke. Na kuanzia leo mtoto akichonga mnyama, paja linabaki wazi, na wageni wakikuja na kitu kipya wanakaa na sisi wazazi wa kila upande kwanza, chai napika mimi."

Madam Kowsar akaniangalia, kisha akamwangalia Mzee. Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akakubali. "Huyu mama ni mwenyekiti na hajachaguliwa," akasema.

Everlyne alilia. Nilimwacha alie, kwa sababu ile mistari ilikuwa imenyooka kuliko kitu kingine chote kwenye ule mwili. Tyson akamletea nyundo na tindo, akamwonyesha namna ya kulaza tindo ili simiti ibanduke bila kupasua mguu, na akamwambia wataziba hapo na simiti mpya siku hiyo hiyo.

Mzee Robow akaiegemeza bakora ukutani. Akaikumbatia shingo ya ngamia kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa ngamia wa kweli akitibiwa, ili asitikisike.

"Gonga," akamwambia. "Nimemshika."

Everlyne akapangusa macho na mkono wa sweta, akagonga.