Faili la Kwanza

Wauguzi wa kliniki ya watoto walimpachika jina la Wakili, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole ukikutana naye sokoni, lakini siku ya Jumatano akivuka mlango wa kliniki ile na binti yake mgongoni, upole aliuacha nje. Hapokei dawa kabla ya kusoma maandishi ya kwenye chupa. Haambiwi "njoo wiki ijayo" bila kuuliza wiki ijayo kutakuwa na nini ambacho leo hakipo. Daktari mmoja aliwahi kumwambia, "Mama, watoto hawa ndivyo walivyo." Akamjibu, "Watoto hawa wepi? Mimi nimekuja na mmoja."

Wazazi wengine wa Jumatano, ambao watoto wao walikuwa na hali kama ya binti yake au nzito zaidi, walijibanza nyuma yake kama vifaranga. Wakili alimsomea huyu cheti, akamwandikia yule maswali ya kumuuliza daktari. Mama Pacha, ambaye wanawe wawili hawakuweza kukaa bila kuegemezwa, alipenda kusema kwamba yeye mbele ya daktari ulimi unageuka gogo, kwa hiyo anaazima wa Wakili.

Mume wa Wakili alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, mtu wa mageti na madirisha. Alimpenda binti yake kama wanavyopenda wababa wengi, yaani jioni. Alirudi, akanawa, akampakata mapajani huku akimshikia kichwa kisidondoke. Msichana alikuwa na miaka tisa. Miguu yake ilipishana kama mkasi na hakuwa na neno hata moja, lakini kimya nacho hakukijua. Tangu anaamka alikuwa akipiga kelele zake za juu na za chini, zenye kicheko ndani, mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakawa wanajua ameshaamka. Baba yake ndiye aliyempa jina la Chiriku.

Mambo ya dawa, miadi na vipimo yalikuwa ya mama. "Wewe ndiye mtaalamu," fundi alikuwa akimwambia mkewe, akiamini kwamba anamsifu.

Kisha Wakili akateleza kwenye ngazi za jengo lao, akavunjika mguu. Walimfunga plasta kuanzia vidoleni mpaka pajani, akalala ghorofa ya tatu kama mzigo. Jumatano iliyofuata Chiriku alikuwa na miadi ya kupigwa picha ya kichwa. Walikuwa wameisubiri miezi saba, na kuiacha ipite ilikuwa ni kurudi mkiani mwa foleni.

"Baba Chiriku," mkewe alimwambia asubuhi ile, "daftari limo kwenye mkoba wa kijani. Wakikuuliza swali lolote, lifungue kwanza. Anzia ukurasa wa kwanza kabisa."

"Nimesikia."

"Umesikia, au umenijibu tu?"

"Mama Chiriku, mtoto ni wangu pia."

Basi akambeba binti yake, mkoba begani, akaenda.

Chumba cha kuwaandalia watoto picha kilikuwa chembamba, na ukutani kulikuwa na karatasi inayoamuru watu wazime simu. Fundi akazima yake. Daktari alikuwa mtu wa haraka, mwenye mazoea ya kutazama saa wakati mwenzake bado anazungumza. Pembeni yake alisimama sista mmoja mgeni kazini, ameshika fomu.

"Degedege lake la mwisho lilikuwa lini?" daktari aliuliza.

Fundi hakujua. Alisema labda mwezi uliopita.

"Anakunywa dawa ngapi?"

"Mbili." Akafikiri. "Nadhani tatu."

Daktari akamtazama sista, akatabasamu kidogo. Tabasamu lenyewe halikuwa la ubaya mkubwa, lakini lilimchoma fundi kuliko cheche zote zilizowahi kumrukia. Mtu mzima, mwenye karakana na vijana wanaomwita bosi, hamjui mtoto wake. Mkoba ulikuwa palepale begani. Aliona aibu kuufungua mbele yao, aanze kusoma majibu kwenye daftari kama mwanafunzi anayenakili mtihani.

Sista akageukia fomu yake. "Ili picha itoke vizuri lazima atulie kabisa, kwa hiyo tutamchoma sindano ya usingizi. Amewahi kupata shida na dawa ya usingizi, Baba?"

"Hapana," fundi alisema, upesi, kwa sauti ya mtu anayejua.

Sista alifungua faili, akakunja uso. "Hili linaanzia alipokuwa na miaka saba. La kwanza liko wapi?"

"Lilijaa, tukalifunga," alijibu karani akiwa mlangoni. "Liko masjala, ng'ambo ya uwanja."

"Nikalilete?"

Daktari alitazama saa. "Baba amesema hapana. Tuendelee."

Walimchoma. Chiriku alikuwa katikati ya kelele zake akakatika, kama redio iliyochomolewa. Fundi alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Hata alijiuliza mkewe huwa anagombana na watu hawa kwa lipi. Wakamwambia asubiri nje. Akatoka na viatu vya binti yake mkononi, viatu alivyonunuliwa miaka miwili nyuma, ambavyo soli zake zilikuwa safi kama siku vilipotoka dukani.

Hazikupita dakika kumi akasikia miguu inakimbia. Mlango ukafunguliwa, mtu akapiga kelele akitaka oksijeni, mlango ukafungwa. Ukafunguliwa tena, wakaingia watu wawili na mtungi. Hakuna aliyemtazama. Alipojaribu kuingia, mkono ulimsukuma kifuani, si kwa ukali, kama mtu anavyosukuma pazia.

Ndipo alipokaa kwenye benchi akafungua mkoba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari michache tu, kwa herufi kubwa na wino mwekundu: SINDANO YA USINGIZI ASICHOMWE. ALIPOKUWA NA MIAKA MITATU ALIACHA KUPUMUA. IMEANDIKWA PIA KWENYE FAILI.

Akakumbuka. Mwaka ule alikuwa nje ya mji wiki mbili, akifunga milango ya ghala. Aliporudi mkewe alimsimulia, tena kwa kirefu, amesimama pale jikoni. Naye alisema, "Mungu mkubwa," kisha akaomba maji ya kuoga.

Walimrudisha Chiriku kwenye pumzi, lakini walichelewa. Saa nane mchana alikuwa wodini na mipira puani, macho wazi, hatazami kitu. Fundi akapiga moyo konde akarudi nyumbani. Ngazi za ghorofa tatu alizipanda kama mtu anayepanda kwa magoti.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, simu mapajani. Alikuwa amempigia mara kumi na tisa.

"Yuko wapi?"

"Yuko wodini. Anapumua."

Mkewe alilipima neno lile, anapumua, likamwambia yote. "Walimchoma?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Walikuuliza?"

Njia nzima alikuwa akilifikiria swali hili. Angeweza kusema lolote. Hakuna shahidi ambaye angepanda hadi ghorofa ya tatu kumsuta. "Waliniuliza," alisema. "Nikasema hapana."

Alingoja kilio, au hata kofi. Mkewe hakulia. Alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akauinua mguu wa plasta kwa mikono miwili kama anayehamisha gogo la mtu mwingine.

"Nibebe," alisema.

Akambeba mgongoni, hatua kwa hatua, plasta ikigonga ukuta kwenye kila kona. Walipofika ghorofa ya kwanza alimsemea sikioni, bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira. "Mimi ndiye mdomo wake. Nilikuazima siku moja tu."

Chiriku alikaa wodini majuma matano. Aliporudi nyumbani alikuwa na mpira wa kulishia puani, kwa sababu kumeza kulikuwa kumempotea. Kelele zake nazo zilipotea. Mtoto aliyekuwa akiamsha jengo zima sasa ilibidi umwinamie kujua kama yuko macho. Jirani wa chini alipanda siku moja kuuliza kama wamemhamishia kwa ndugu.

Barua ya hospitali ilikuja baada ya hapo. Iliwaita kikaoni.

Ndani ya ofisi kulikuwa na mganga mkuu, katibu wa hospitali, na yule sista mgeni, aliyekaa mbali kidogo, mikono kati ya magoti. Daktari wa siku ile alikuwa na udhuru. Mezani kulikuwa na karatasi moja iliyokwisha chapwa. Katibu aliisoma kwa upole wa mtu anayesoma rambirambi: mzazi aliulizwa kuhusu historia ya mgonjwa, mzazi akathibitisha kwamba hakukuwa na tatizo lolote, watumishi walifuata taratibu. Ilibaki mzazi kuweka sahihi.

"Nina maswali," Wakili alisema, magongo yake yameegemea kiti.

"Mama, pole sana, lakini wewe siku hiyo hukuwepo," alijibu katibu. "Mwenye kusema hapa ni Baba."

Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo zilisikika sauti za watoto kwenye korido. Mama Pacha alikuwa amewaleta wazazi wa Jumatano wote na watoto wao, wakakaa chini kuta zote mbili, na walipoambiwa waondoke alisema kwamba watoto wenyewe hawatembei, labda waje wabebwe.

Fundi hakuzoea vikao. Alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

"Niliulizwa, nikasema hapana," alianza. "Si uongo. Andikeni, hata kwa herufi kubwa. Nilikuwa na daftari la mama yake hapa begani, nikaona aibu kulifungua. Hilo ni langu, nitakufa nalo. Lakini andikeni na mengine. Sista huyu aliuliza faili la kwanza liko wapi. Aliambiwa liko masjala. Akataka kwenda kulileta. Juzi nimetembea kutoka chumba kile mpaka masjala, ni hatua tisini na nne. Kazi yangu ni kupima, sikosei. Mle ndani kuna mtu alisema tuendelee. Mbona karatasi hii ina mtu mmoja tu?"

"Baba," mganga mkuu alisema, "tusitafute mchawi."

"Mmoja mmeshampata, mmemchapa kabisa. Mimi nawatafuta wenzake."

Katibu alikohoa. Alimgeukia sista akamwambia kwamba bila shaka hakumbuki mambo madogo kama hayo, siku ile kulikuwa na watoto wengi.

Sista alikuwa akitazama sakafu. "Nakumbuka," alisema. "Niliuliza. Nilitaka kwenda."

Karatasi haikusainiwa siku ile. Kikao cha pili kiliitoa upya ikiwa na sentensi mbili zaidi kuhusu faili ambalo halikuletwa, na likabandikwa agizo kwamba mtoto hachomwi dawa ya usingizi mpaka mafaili yake yote yawe mezani. Kuhusu daktari hakuna kilichosemwa, ila alionekana bado anapita koridoni akitazama saa yake. Sista alihamishiwa kituo cha mbali kabla mwezi haujaisha. Ilisemwa kwamba ni uhamisho wa kawaida.

Siku ile ya kikao cha kwanza, wakiwa wanasubiri usafiri nje ya geti, Wakili aliyaegemeza magongo yake ukutani. Kisha akamwambia mumewe, "Umewaambia na lako."

"Nimewaambia."

"Ningekuwa mimi ningelificha."

Fundi alilitafakari hilo neno kwa miezi, asijue kama lilikuwa sifa au lawama. Hakuuliza.

Alijifunza kumlisha binti yake. Alijifunza kuinua kichwa kwa pembe inayotakiwa, kuhakikisha mpira haujahama, kuyamimina maziwa taratibu, kumgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke. Mikono iliyokunja nondo ilikuwa mizito mwanzoni, mkewe akimsahihisha kwa neno mojamoja: juu, polepole, acha. Jioni alizungumza na Chiriku kama zamani, akijijibu mwenyewe. Mara mbili alidhani amemwona akigeuza macho kufuata sauti yake. Mkewe alisema hapana, ni mwanga wa dirishani.

Chiriku aliishi miezi kumi zaidi. Kifua kilimbana siku ya Jumanne, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekwenda, mikononi mwa mama yake. Wazazi wa Jumatano walikuja wengi mpaka ngazi zote tatu zikajaa, wengine na watoto mgongoni, na Mama Pacha alilia kuliko wenye msiba.

Wakili hakurudi tena kliniki. Wazazi wa Jumatano walipokuja kumwomba aliwasikiliza kwa adabu, akasema, "Maneno yangu yalikuwa ya mtoto mmoja. Yameisha."

Fundi ndiye aliyekwenda. Mama Pacha alimwambia, "Shemeji, wewe walau unaijua njia ya masjala," naye akafunga karakana siku moja, kisha Jumatano iliyofuata, kisha ikawa mazoea. Hana ulimi wa mkewe. Hujikwaa, hurudia swali lilelile mara tatu, na madaktari wanamchoka. Wakati mwingine mzazi aliyesindikizwa naye hutoka bila kupata alichokifuata, na fundi hukaa naye kwenye benchi wakilipanga upya swali kwa ajili ya wiki ijayo.

Nyumbani hawalizungumzi. Mkewe ameanza kushona nguo za watu, na siku za Jumatano akimwona anarudi mapema hamuulizi ametoka wapi. Humsogezea kiti, naye hukaa.