Bomba la Kupindia Mbao

Twalibu hakuwa mwizi, tusimsingizie. Alikuwa fundi wa magitaa pale Kasulu mjini, na mbao zilikuwa zikimpasukia kila siku, maana ubavu wa gitaa hauna ujanja: usipoupinda kwa moto, unavunjika. Siku moja alikwenda Mtabila kutafuta mbao, ilipokuwa kambi ya zamani ya wakimbizi wa Burundi, akaona bomba la chuma limesimama vichakani. Akajiambia ni masalia ya mabomba ya maji. Lakini lilikuwa na msalaba uliogongwa kwa msumari, na macho yake yaliuona vizuri. Akaling'oa.

Nyumbani aliufuta ule msalaba kwa tupa, akaliponda bomba kidogo liwe na umbo la yai, akalibana kwenye jiliwa na kulijaza makaa ya moto. Ubao uliolowa ukikandamizwa juu yake, unatii wenyewe. Sifa zake zikafika hadi kambini Nyarugusu.

Ndiyo maana bibi Ndayikunda alikuja, na ruhusa yake ya kutoka kambini kwa kutwa moja mkononi, kuchukua gitaa la kwaya yao. Wiki ile alikuwa anarudi kwao Burundi moja kwa moja. Alimkuta Twalibu akipinda ubavu mwingine, akaketi kumtazama.

"Nikitoka hapa napita Mtabila, fundi," alisema. "Nilimzika mwanangu pale. Makaburi yamemezwa na majani, ila la kwangu nitalijua. Mume wangu alichomeka bomba, akaligonga msalaba kwa msumari."

Ubao ukaanza kuungua mikononi mwa Twalibu, naye hakuuondoa. Akinyamaza, nani atajua? Bibi atazunguka vichakani mpaka achoke, kisha atavuka mpaka. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini kuuvua mbele ya mama wa watu si mchezo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mama, bomba lenyewe ni hili," alisema bila kuinua uso.

Ndayikunda alisogea. Alitafuta msalaba wake, akaona mikwaruzo ya tupa. Hakumtukana, heri angemtukana.

"Zima moto wako," alisema. "Tukalirudishe."

Walikwenda kwa pikipiki ya kukodi, bomba likiwa bado na uvuguvugu mapajani mwa Twalibu. Kule, majani yalikuwa yameungua na kuota upya, na kila kichuguu kilifanana na mwenzake. Siku ile alipoling'oa, Twalibu hakushika alama yoyote. Nani anashika alama ya mahali alipookota chuma?

"Ni hapa?"

"Sijui, mama."

"Na hapa?"

"Sijui."

Twalibu alitambaa kwa magoti akipapasa shimo ambalo mvua zilikwishalifukia. Mwenye pikipiki alipiga honi. Ruhusa ya bibi ilikuwa inakwisha. Ndayikunda alisimama pale pale alipofikia.

"Chomeka hapa," alisema. "Mungu atamwambia kwamba nilikuja."

Twalibu aliokota jiwe, akaligonga bomba mpaka likasimama. Hapo bibi akafungua pindo la kitenge chake, akatoa msumari aliouokota kule kwa fundi, akampa.