Kwandu Alipobeba Kiti

Watu wa Bariadi wananisingizia. Ukipita sokoni utaambiwa Lukresia ndiye aliyevuruga igizo la Mwalimu Januarius. Siyo mimi, ni Kwandu, na nitaeleza ilivyokuwa kabla hasira hazijanipanda tena.

Igizo lenyewe lilikuwa jipya, la kuimba mwanzo mwisho. Mwalimu alilitunga, wanakwaya wake wakalicheza ukumbini hapa mjini. Vikundi viwili vya mbina, ngoma zetu za mashindano, vinashindana baada ya watu kuuza pamba. Kikundi cha Jenifer kinashinda, Jenifer anaolewa, basi. Rafiki yetu Veronica, anayelima kule Ngulyati, alipewa kuongoza kikundi kinachoshindwa. Wimbo wake ni mmoja tu.

Jumamosi ya onyesho la kwanza, jioni, alitufuata nje ya ukumbi, mimi na Kwandu.

"Mwalimu anasema igizo limekuwa refu," alisema. "Watu wasipoupokea wimbo wangu leo, kesho anaukata. Nitabaki kupiga makofi nyuma."

Miezi mitatu ameufanyia mazoezi, akipalilia, akichota maji. Hata ng'ombe wake wanaujua.

"Wataupokea," nikasema. "Asiyepiga makofi atanitambua."

"Hicho ndicho ninachokiogopa. Lukre, niahidi. Usigombane na mtu, usisimame, usipige kelele. Kaa tu."

Nikaahidi. Iliniuma, lakini kwenye harusi ya mdogo wake nilimnyang'anya MC kipaza sauti, kwa hiyo alikuwa na haki.

Tukakaa upande wa kushoto. Kwandu ni mtu ambaye ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Jenifer akaimba kwanza upande wetu wa jukwaa, vizuri, sikatai, na watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha Veronica akatokea upande wa kulia. Mstari wa kwanza ulimtetemeka mdomoni. Nilishika kiti kwa mikono miwili nisije nikanyanyuka.

Mstari wa pili, sauti ikafunguka. Ile sauti yake ya shambani, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliimba, "Kesho mtaniambia nimeshindwa, na kesho nitashika jembe langu, lakini leo nitazameni."

Nikasikia kiti kinaburuzwa. Kwandu amesimama. Akakiweka kiti chake cha plastiki kichwani, akavuka ukumbi mzima, akakitua upande wa Veronica, akakaa.

Kwetu mbina huamuliwa hivyo: ngoma iliyokukolea unaifuata, na wenye watu wengi ndio washindi. Kila mtu mle ndani alilijua hilo tangu utotoni, ila tiketi zilikuwa zimetusahaulisha. Kufumba na kufumbua viti vikawa hewani. Mwalimu Januarius akatoka nyuma ya pazia akipunga karatasi.

"Jamani, kaeni. Hili ni igizo, mshindi ameshaandikwa."

Nani amsikilize. Upande wa Jenifer nikabaki peke yangu, nimekaa na ahadi yangu, machozi yananitoka, na watu wananitazama kama msaliti. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Masunga, aliyeigiza mwamuzi, akafungua matokeo. Akayasoma, akautazama ukumbi ulivyohamia upande mmoja.

"Hapa imeandikwa Jenifer," akasema. "Lakini mimi nina macho."

Jenifer mwenyewe akaangua kicheko. Akajitwika ngoma yake, akavuka, akasimama nyuma ya Veronica.

"Bado mmoja," Masunga akasema, akininyooshea kidole. Ukumbi wote ukanigeukia.

"Siwezi," nikasema. "Nimeahidi kukaa."

Veronica akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa, jasho linamtiririka.

"Lukre," akaniita mbele za watu wote, "njoo bwana. Njoo na kelele zako zote."

Nikabeba kiti. Wimbo ule haukukatwa. Uliimbwa mara mbili zaidi jioni ileile, na kelele, haya, zile zilikuwa zangu.